Treni ya Papa Emery ya Kwenda Pretoria

Jumapili, 4 Mei 2025

Leo nimeandika historia. Baada ya ibada, kanisa letu hapa Kensington, Johannesburg, lilikuwa linachagua matembezi ya mwaka. Sidney, Mkenya anayefanya kazi benki, akasimama na tai yake shingoni akapendekeza tena basi lake dogo, tena bwawa lilelile. Mwaka wa tatu! Bata wa pale tunawajua mmoja mmoja.

Nikasimama. Nikasema huko Osaka, Japani, watu waliostaarabika hupanda treni asubuhi, wakawalisha paa mkononi, wakala mchana mbele ya kasri, na jioni wako nyumbani. Mchungaji akauliza, "Papa Emery, ulikaa Osaka lini?" Nikasema hiyo ni habari ndefu. (Ni video. Dakika kumi na mbili. Nimeitazama mara nne.)

Thérèse akageuka kunitazama! Thérèse ni mjane, msusi, saluni yake imepakana na cherehani yangu. Mama yake, Maman Agnès, amekuja kumtembelea kutoka Lubumbashi na atarudi Jumatatu ya tarehe 12. Mama huyo akainua mkono, akasema marehemu mumewe alifanya kazi ya reli miaka thelathini, na yeye hajapanda treni hata siku moja. Basi, yakaisha. Treni kura kumi na nne, bata kura tano. Sidney akanipa mkono wa pongezi. Unafiki mtupu.

Jumatatu, 5 Mei

Cheo changu: Mkurugenzi wa Safari. Nimejishonea kofia yake.

Sidney amekuja kupunguza suruali. Akaniambia kwa adabu kwamba treni ya Pretoria kutoka Park Station inakwenda moja kwa moja, hakuna kubadilisha. Nikamshukuru. Mtu wa benki anifundishe mimi treni! Kwenye video walibadilisha mara mbili. Safari isiyo na kubadilisha treni ni kama kwenda sokoni.

Suruali nimeipunguza kidogo zaidi ya alivyoomba.

Jumatano, 7 Mei

Thérèse ameuliza kuhusu paa wa Pretoria. Nimesema wana saa zao. Akauliza tutakula wapi. Ndani ya treni, nikasema, huku tukitazama mandhari. Akatabasamu. Nadhani ni tabasamu.

Jioni Maman Agnès amekuja kupimwa gauni la safari. Akasimulia kwamba kila asubuhi alikuwa akimpelekea mumewe chakula stesheni, halafu anabaki kupunga mkono. Akasema, "Miaka thelathini, papa. Mimi ni wa kupunga tu." Kuna kitu kiliniingia jichoni. Uzi, bila shaka.

Jumamosi, 10 Mei

Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Saa tatu asubuhi, Park Station. Watu kumi na wanane na kofia moja. Sidney hakuja. Alisema atabaki nyumbani karibu na simu. Madharau!

Treni ikaondoka, ikaingia chini ya ardhi. Giza tupu. Brigitte wa kwaya akauliza kama haya ndiyo mandhari. Nikasema huu ni utangulizi. Maman Agnès akafunua bakuli la samaki wa kukaanga. Mlinzi akaja mara moja: hakuna kula humu, hata kutafuna bazoka hakuruhusiwi. Eish. Bakuli likafunikwa, harufu ikaendelea na safari.

Sandton. Nikapaza sauti: tunabadilisha! Brigitte akasema kibao cha treni hii kimeandikwa Pretoria. Nikamjibu kwamba vibao ni vya wasio na mkurugenzi. Tukashuka wote. Nikauliza mtu? Siulizi mimi. Treni iliyofuata, tukapanda.

Hapo sasa mandhari yakaja, mazuri kweli. Nilisimama katikati nikaeleza kila kitu. Nikawaonyesha kilima nikasema Pretoria iko nyuma yake. Kisha ndege ikapita juu yetu. Chini sana. Ikaja nyingine. Nikagundua kwamba abiria wote wana masanduku, isipokuwa sisi.

Uwanja wa ndege.

Maman Agnès alishuka, akatazama masanduku, akatazama ndege, akasimama. "Thérèse, tiketi yangu ni ya Jumatatu. Kumbe mmenichoka, mnanirudisha leo? Ndiyo maana mkanidanganya na treni?" Akakaa kwenye benchi na gauni lake jipya, bakuli mapajani, akalia.

Thérèse akapiga magoti mbele ya mama yake, akamwapia kwamba sivyo. Halafu akanitazama. Nimewahi kutazamwa na wanajeshi mipakani. Walikuwa na huruma zaidi. Akampigia Sidney simu.

Nikavua kofia. Nikakaa kando ya mama, nikasema kweli: Osaka sijafika, treni hii sijawahi kuipanda, kosa ni langu peke yangu. Akanikazia macho. Akafuta machozi na kuanza kucheka hadi mabega yakatikisika. "Marehemu alikuwa hivyo hivyo! Anakokwenda hajui, lakini lazima atangulie."

Sidney akafika baada ya nusu saa. Hakucheka hata kidogo, jambo baya kuliko yote. Wote wakaingia kwenye basi, isipokuwa Maman Agnès. Amekuja kwa treni, akasema, atarudi kwa treni. Na papa huyu atamsindikiza, ila awe nyuma.

Akakaa dirishani. Kila stesheni aliwapungia watu waliosimama nje. Hakuna aliyejibu, ila mama mmoja mwenye ufagio, aliyepunga kwa mikono miwili. Tulipoingia gizani chini ya ardhi, Maman Agnès aliendelea kupunga.

Thérèse alirudi na basi. Kiti cha mbele.

Jumatatu, 12 Mei

Maman Agnès ameondoka. Sidney ndiye aliyempeleka. Thérèse alinijulisha, kupitia kwa Brigitte, kwamba nisijisumbue. Mama ameniachia ujumbe: treni ilikuwa nzuri sana, na siku nyingine niulize watu.

Jumanne, 13 Mei

Nimetafakari kwa kina. Kosa lilikuwa wapi? Nimelipata: safari ilikuwa fupi mno. Safari fupi haimpi kiongozi nafasi ya kujirekebisha njiani.

Durban! Asubuhi tunaondoka, mchana tunaogelea baharini, jioni tuko Kensington. Kwenye ramani ni vidole viwili. Jumapili ninampelekea Mchungaji.

Sidney amepita, akasema kwa upole kwamba Durban ni zaidi ya kilomita mia tano. Nimemshukuru. Watu wa basi wanapenda sana kuhesabu kilomita.