Upepo Uliokaidi Maazimio

Idara ya Uokoaji ilitangaza, kwa furaha isiyo na kifani, kwamba Alhamisi askari wake wote watabobea katika kupambana na kemikali hatari. Mafunzo yataanza saa tatu asubuhi, na kubobea kutakamilika kabla ya chakula cha mchana, maana baada ya hapo kuna hotuba.

Koplo wa kituo cha zimamoto, mama wa makamo ambaye vijana wake walimwita Shangazi, alilisoma tangazo ubaoni mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo Idara nzima ilikuwa imelikwepa kwa ustadi mkubwa.

"Na suti je?"

Suti za kinga zilikuwepo. Zilikuja mpya, rangi ya machungwa, kofia zake zina kioo kipana, zikafungiwa stoo siku ileile. Utaratibu ulikuwa wazi: suti ni za dharura, na dharura hutangazwa na Mkurugenzi mwenyewe, kwa mdomo wake. Mazoezi si dharura. Na kila dharura ilipotokea, Mkurugenzi alikuwa mkutanoni. Ndiyo maana ghala la klorini la nyuma ya kituo lilipovuja, Shangazi na vijana wake waliingia na makoti ya mvua, taulo zilizoloweshwa usoni. Mrefu, dereva wao, anakohoa mpaka leo. Siku ile Shangazi aliapa kwamba hakuna mtoto wa mtu atakayeingia tena mle na koti la mvua. Na mapipa ya ghalani yalikuwa yanazidi kuota kutu.

"Mzee wangu," Shangazi alimbembeleza mtunza stoo, "nitolee hata moja, vijana wajue zipu iko wapi."

"Mwanangu, nikifungua bila dharura, dharura inakuwa yangu."

Jambo jingine lililoshughulikiwa mapema ni upepo. Kamati ya Maandalizi ilikaa na kupitisha, bila kupingwa, kwamba siku ya mazoezi upepo uvume kutoka getini kwenda ukutani, kwa kuwa hema la wageni litakuwa getini, penye kivuli. Upepo haukutuma mwakilishi wala udhuru.

Alhamisi asubuhi Shangazi alifunga kipande cha karatasi ya chooni kwenye mpini wa ufagio, akausimamisha katikati ya uwanja. Karatasi ikanyooka kuelekea hemani kama kidole cha shahidi.

"Mheshimiwa, moshi utawafuata hukohuko mlikokaa. Tuhamishe hema."

Mkurugenzi alirekebisha tai yake ya hariri. Alivaa suti ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali. "Koplo, hema limeshafungwa kamba. Kuhamisha hema ni kazi. Upepo tutauandikia barua."

"Utaisoma?"

"Ondoa ufagio huo. Unapinga maazimio."

Ufagio ukaondolewa. Mkurugenzi akashika kipaza sauti, kamera zikamgeukia, akasoma mwongozo alioutia saini yeye mwenyewe: mtu yeyote atakayeguswa na moshi, bila kujali cheo chake, atahesabiwa ameathirika, atavuliwa nguo, ataoshwa, na nguo zake zitafungwa kwenye mfuko mpaka mtaalamu azikague. Wageni wakapiga makofi. Kipengele cha cheo kiliwagusa sana.

Mrefu akawasha kopo la moshi wa njano, moshi wa mfano tu, usiodhuru hata inzi. Ukasita kidogo kama mgeni anayetafuta mlango, halafu ukaenda moja kwa moja hemani kuwasalimia waheshimiwa.

Ulipotawanyika, Mkurugenzi alikuwa wa njano mpaka kwenye nyusi, anaelekea garini. Shangazi akamwekea mkono mbele, kwa adabu.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Umeathirika."

"Koplo! Huu ni moshi wa mfano!"

"Na sisi tutakuosha kwa mfano. Maji tu ndiyo ya kweli."

Mkurugenzi akatazama kamera. Kamera nazo zikamtazama. Akatabasamu, maana kiongozi huonyesha njia, akaingia nyuma ya turubai la kuogeshea akifuatwa na Kamati nzima.

"Mrefu, fungulia!"

"Kidogo au kwa mujibu wa mwongozo, Shangazi?"

"Mwongozo, baba. Leo tumekuja kubobea."

Waheshimiwa walisuguliwa kwa brashi za kuoshea gari. Vijana walijifunza mengi, hasa kuhusu migongo. Nguo zikafungwa mfukoni. Kisha kichwa cha Mkurugenzi kikachungulia juu ya turubai, meno yakigongana.

"Nguo! Tuleteeni nguo!"

"Zipo suti tu," alisema Shangazi. "Ziko stoo."

"Zileteni!"

Mtunza stoo akakohoa. "Stoo hufunguliwa kwa dharura, Mheshimiwa. Ukiitangaza wewe."

Kipaza sauti kikapitishwa juu ya turubai. "Natangaza," ilisikika sauti mtaa mzima, "dharura!"

Kufuli likafunguka.

Magazeti yalisifu: Mkurugenzi aongoza kwa vitendo. Picha ilimwonyesha ndani ya suti ya machungwa, kioo kimejaa mvuke. Kesho yake suti zote zilirudishwa, zikaoshwa, zikatundikwa kando ya gari la zimamoto. Haziwezi kurudi stoo mpaka dharura iishe, na mwongozo hausemi dharura huishaje. Kamati bado inajadili.

Wiki iliyofuata mapipa ya ghalani yakavuja tena. Shangazi aliingia na vijana wake, wote wamevaa, zipu wanazijua. Walitoka wazima. Mrefu alikohoa, lakini kile kikohozi cha zamani.

Jioni hiyo Mkurugenzi alipita stoo, akaulizia suti yake ya kijivu na ile tai.

"Zinamsubiri mtaalamu," alisema mtunza stoo.

"Mtaalamu gani?"

"Idara haijamwajiri bado."

"Basi fungua tu huo mfuko, mzee wangu. Mimi na wewe."

Mtunza stoo alitikisa kichwa kwa huruma. "Mheshimiwa, nikifungua bila mtaalamu, dharura inakuwa yangu."