Malalamishi ya Bahati Kuhusu Wezi Wasio na Haraka

Kwa Bi. Joan Jepkemei,
Mwelekezi wa filamu "Sefu ya Pareto",
Nakuru.

Mheshimiwa Mwelekezi,

Pokea salamu za wakazi wa Bahati. Huku mvua imetukumbuka, mahindi yamefika kiunoni na barabara imeharibika kama kawaida. Mimi ni Hezekiah Kibii, mwenyekiti wa mradi wetu wa maji, mwenyekiti wa kamati ya mazishi na, tangu Jumamosi iliyopita, mwenyekiti wa muda wa Kamati ya Maoni ya Watazamaji. Kamati hii iliundwa pale pale ukumbini baada ya vijana wako kuzima mashine ya kuonyeshea filamu, kwa sababu kila mtu alikuwa anasema lake na hakuna aliyekuwa anaongoza. Nilijitolea. Hakuna aliyepinga, ingawa wengi walikuwa wameshatoka nje.

Tunakushukuru kwa kutuletea filamu bila malipo. Baada ya shukrani hizo, tunalalamika kama ifuatavyo.

1. Filamu inaenda polepole mno. Tuliambiwa ni ya wizi, tukaziba madirisha kwa mablanketi ili tuone vizuri. Wezi wanne wanaketi kwenye hoteli mkabala na ghala la pareto, wanakunywa chai na kuangalia mlango. Wanaagiza mandazi. Wanaangalia mlango tena. Jirani yangu Dalmas alitoka wakati huo akaenda kukamua ng'ombe, akapeleka maziwa, akarudi, akauliza kwa sauti, "Aki hawa watu bado hawajaingia?" Hawakuwa wameingia. Walikuwa wameongeza chai.

Bi. Mwelekezi, sisi tunaishi na wezi wa kweli na hakuna hata mmoja mwenye subira hiyo. Aliyeiba mota ya pampu yetu ya maji aliing'oa nikiwa ndani ya ukumbi nahutubia mkutano wa usalama. Alimaliza kabla yangu.

2. Wezi wako hawana viongozi. Niliangalia kwa makini na sikuona mwenyekiti, katibu wala mweka hazina. Hawakufungua kikao kwa maombi, na hakuna aliyeulizwa kama ana jambo lingine kabla ya kufunga. Hapa Bahati hatuwezi kuchimba mtaro bila kuchagua viongozi wa muda, na wakishachaguliwa mara nyingine hata mtaro wenyewe hatuuchimbi. Watu wanne wanawezaje kuendesha mradi mkubwa hivyo kwa kuangaliana tu? Kamati inaona kuwa vijana watajifunza tabia ya kuelewana bila mkutano, na ikifika hapo watu kama sisi tutaongoza nini.

3. Mlitufanya tuwe upande wa wezi. Hili ni zito, kwa maana ukumbini kulikuwa na wazee wa kanisa na polisi mmoja mstaafu. Yule mwizi mzee kati ya wale wanne alipoweka sikio kwenye sefu ya ghala, watu wote waliacha kutafuna. Bwana Gachanja, ambaye ni mweka hazina wa chama chetu cha maziwa na ndiye anayekaa na ufunguo wa sefu yetu, alisikika akinong'ona, "Polepole mzee, usiharakishe." Sefu ilipofunguka alipiga makofi kuliko wote. Tangu hapo wanachama wanamwangalia kwa jicho lingine, na juzi aliitwa aeleze alikuwa anashangilia kama nani.

4. Mlinzi. Katika filamu yako mzee anampelekea mlinzi chai na kumuuliza habari ya goti lake, leo na kesho, mpaka mlinzi mwenyewe anamfungulia lango. Elphas, anayelinda ghala letu la viazi, aliyatazama hayo mdomo wazi. Sasa ukimsalimia anakuuliza unataka kuiba nini. Usipomsalimia ananung'unika kwamba tangu aanze kazi hakuna mtu amewahi kumuuliza habari ya goti lake. Ikabidi nimuulize. Kumbe linamuuma sana, na sasa tuna ajenda ambayo haikuwepo.

5. Nafika kwenye lalamiko ambalo kamati haikulijadili kwa kuwa mwenyekiti hakulileta. Kuna mahali yule mzee anajiandaa kwenda kuiba na mkewe anachambua maharagwe. Mzee anamuuliza mkewe, "Unaogopa nini?" Halafu ananyamaza. Mama anachambua. Mzee amenyamaza tu. Nilidhani mashine imekwama, nikasimama niwaeleze vijana wako. Mke wangu Nasimiyu akanivuta koti, akasema, "Keti, Baba Jerry. Si unaona anangoja jibu?"

Niliketi, lakini sikuelewa. Mimi nikiuliza kitu nyumbani huwa tayari najua jibu, kwa hivyo nalisema mwenyewe ili tuokoe wakati. Mama Jerry, umechoka? Hapana, hujachoka. Mwaka huu tupande viazi ama mahindi? Tupande mahindi. Tumeishi hivyo tangu tuoane, mpaka Jerry amekua na kwenda kazini Naivasha, na kikao chetu hakijawahi kuvunjika.

Jumatatu nilimuuliza kama angependa kwenda kwa dada yake Kuresoi kusaidia kuvuna viazi, nikamjibia kwamba hangependa. Akapanga nguo kwenye mfuko. Alipofika mlangoni akaniambia, "Yule mzee ni mwizi na bado anangoja bibi yake aongee. Wewe ni mwenyekiti." Akaenda.

Hajapiga simu. Nyumba imenyamaza, na mimi sijazoea kunyamaziwa. Nauliza kama kuna chai, najijibu kwamba hakuna, na kwa mara ya kwanza jibu langu ni la kweli. Bi. Mwelekezi, naogopa. Naogopa kwamba viazi vitaisha shambani na yeye hatarudi, na katika kamati zangu zote sina mtu wa kumwambia hivyo.

Kwa hayo yote, tunaomba filamu ifanyiwe marekebisho kabla haijafika miji mingine. Wezi wachague viongozi kabla ya mandazi kuletwa. Mlinzi asiulizwe habari ya goti na mtu yeyote. Bwana Gachanja aandikiwe barua ya kumsafisha, ikisema kwamba kupiga makofi kulikuwa sehemu ya filamu. Yule mzee akishamuuliza mkewe anaogopa nini, amwambie papo hapo kwamba haogopi chochote, avae kofia, atoke. Mtaona mtakavyookoa wakati. Na mwisho kabisa, utume barua yenye muhuri kwa Bi. Nasimiyu huko Kuresoi, umthibitishie kwamba mzee yule ni mwigizaji, kwamba kungoja kule alilipwa, na kwamba akiwa kwake pengine huwakatiza watu maneno kama wanaume wengine wote.

Wasalimie vijana wa mashine, wasalimie wale wezi wanne, na umsalimie kipekee yule mama wa maharagwe. Anachambua vizuri.

Wako katika maendeleo,
Hezekiah Kibii,
Mwenyekiti (wa muda).

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nilimpigia Nasimiyu simu nimsomee barua hii, ajue jambo lake limeshughulikiwa. Nilifika namba tatu, nikamuuliza kama ananisikiliza. Nilikuwa karibu kumjibia kwamba ananisikiliza. Nikafunga mdomo. Simu nayo ikanyamaza. Mtandao wa Kuresoi hupotea mvua ikinyesha, na nilitamani sana kusema hello. Sikusema. Niliangalia ukuta.

Akaanza kuongea taratibu, akasema mambo ambayo tangu tuoane sijawahi kuyasikia, na mengi kati ya hayo hayanisifu. Hayo si ya kamati. Alipomaliza akaniuliza kama kesho nitamfuata ama nina mkutano, halafu akangoja. Nilimwambia nakuja.

Kwa hivyo, tafadhali, filamu isikatwe. Kama kuna sehemu ya yule mzee na mkewe ambayo mliiondoa kwa kuwa ilikuwa ndefu, tunaomba irudishwe. Nikisema tunaomba, ni mimi.