Mwani Barazani, Posa Alhamisi

Jumapili, 5 Januari
Tangi la samaki limeota ndevu. Si utani. Mwani wa kijani, mrefu, unapepea juu ya matumbawe kama ndevu za mtu aliyelala chini ya feni. Mudhi, mke wangu, alisimama mlangoni mwa baraza, mikono kiunoni. Akanikumbusha kwamba Alhamisi ya wiki ijayo Bu Shamlan anakuja na wazee wa kwao kumposea mwanawe binti yetu Dalal, na yeye hatawakalisha watu kando ya kinamasi. Mwani ukiwapo siku hiyo, tangi linahamia kwa kaka yake, Barrak. Na samaki wake. Yaani pamoja na Zafarani na Iliki, wale wawili wangu wa rangi ya chungwa! Miaka kumi na moja nimekaa nao. Hakuna kazi niliyokaa nayo hivyo.
Nimemwambia asijali.

Jumatatu, 6 Januari
Nimesugua kwa mswaki kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Mwani uling'oka vizuri, ukaelea vizuri, ukatua kila mahali ambako haukuwapo.
Jioni wakaja watu wa baraza. Barrak akauliza kama nimefungua bustani, na kama naweza kumchumia mboga kidogo za kulia kababu. Wakacheka wote. Tangi lake yeye, bila shaka, linang'aa kama kioo cha kinyozi.
Halafu akaanza mahubiri. Eti kosa ni kopo la chakula. Ni kweli, kwangu kila mtu akiingia hutoa salamu, hunywa kahawa, kisha huwatupia samaki konzi moja ya chakula. Ndiyo desturi ya baraza hili. Barrak akaniambia, Bu Falah, hao samaki wako wanakula harusi kila siku, mabaki yanaoza, na mwani ndio unaonenepa. Funga kopo, shemeji.
Wivu mtupu! Nifunge kopo mbele ya wageni? Si nifunge na birika la kahawa kabisa?

Jumatano, 8 Januari
Nimepata dawa. Sobhi, yule Mmisri wa soko la samaki wa mapambo, amenipatia konokono asiye na gamba, mkubwa kama kiatu changu. Anakula mwani kama mbuzi. Sobhi akaniita pasha, yaani bwana mkubwa, kisha akanionya: mwani ukiisha mrudishe upesi, maana akifa njaa ndani ya maji, sumu yake inaua kila kiumbe. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza.
Jioni nusu ya tangi ilikuwa safi! Nilimpakulia Barrak pande kubwa la nyama kwenye wali wa machbusi, kwa huruma tu.

Jumamosi, 11 Januari
Mwani umekwisha. Konokono anazunguka kioo, anarudi, anazunguka. Kaniangalia. Yule ana njaa.
Kumrudisha? Mgeni aliyenifanyia kazi siku tatu, nimtoe nje na tumbo tupu? Lakini akifa, Zafarani na Iliki wanakwenda naye. Nimechukua mchicha wa Mudhi jikoni. Hakugusa. Nikaongeza kotimiri. Huenda hapendi kotimiri. Nikaongeza saladi.

Jumapili, 12 Januari
Majani yameyeyuka. Maji yamekuwa mchuzi. Mudhi alimpigia simu kaka yake mbele yangu, akamuuliza ana ndoo ngapi.
Barrak alikuja na utepe wa kupimia. Alipima urefu. Alipofika upande wa pili akamwona Iliki amelala ubavu chini, anahema. Basi akaacha kupima. Akavua kilemba, akakunja mikono ya kanzu. Alimtoa konokono, nikamkimbiza kwa Sobhi; yeye akazoa majani, akabadilisha nusu ya maji, akasafisha chujio. Niliporudi nilishika ndoo na kuomba dua. Mwisho akalifunika tangi lote kwa baibui la zamani la Mudhi, mwanga usiingie, akatia kopo la chakula mfukoni. Akasema nikilifunua kabla ya Alhamisi atachukua tangi na kochi nililokalia.

Jumanne, 14 Januari
Sijafunua. Nimetega sikio tu. Watu wa baraza wanaongea kwa sauti ya chini. Mzee mmoja amenipa pole, akauliza marehemu ni nani. Hata mimi sijui kama yupo.

Alhamisi, 16 Januari
Nilifunua magharibi, macho nimefumba. Maji meupe! Matumbawe yamefunguka! Zafarani akatoka, na nyuma yake, taratibu, Iliki. Nililia kidogo. Nikasema ni vitunguu.
Bu Shamlan akaingia, akabandika pua kwenye kioo. Kumbe na yeye ana tangi, na lake lina ndevu! Akaniuliza siri yangu. Barrak akanitazama. Nilifungua mdomo niseme "Barrak". Kilichotoka ni: uangalizi, na mkono mkarimu. Barrak akapaliwa na kahawa.
Fatiha ya posa imesomwa. Dalal anacheka peke yake huko ndani. Mudhi amelitazama tangi akatabasamu, kisha akasema libaki. Mlangoni Barrak akanirudishia kopo, akaniapisha: konzi moja, siku moja ndiyo, moja hapana. Nikaapa.

Jumamosi, 18 Januari
Wageni wa pongezi hawakatiki. Jana peke yake wanaume arobaini. Mtu akupongeze kwa bintiyo, umnyime konzi moja? Na Iliki amekonda, masikini. Nimenunua kopo kubwa. Kiapo kilihusu lile dogo.
Leo asubuhi nimeona unywele mmoja wa kijani kwenye jiwe. Mmoja tu. Ni ile taa ya tangi tu, hakuna kingine. Nitaibadilisha. Nimemwandikia Bu Shamlan abadilishe na yake, nikamtumia na kopo kubwa la chakula. Sasa sisi ni ndugu.