Ngamia wa Mbah Kiai na Ndoa ya Khomsatun

Kwa Mbah Kiai Sholikin,
Mwalimu Mkuu wa Pondok, chuo cha dini cha Kedungwaru,
mlango wa pili baada ya birika la kutawadhia.

Mheshimiwa Mbah Kiai,

Assalamu alaikum wa rahmatullahi wa barakatuh. Huku nyuma ya ukuta wa chuo chako mpunga umeshika, nyati wangu wa kulimia anakula, na mke wangu ana sauti. Asiye mzima ni mmoja tu, binti yangu Khomsatun, na ugonjwa wake ni kungoja. Kwa ajili yake nimevaa kofia yangu ya Ijumaa, nimeketi, na ninakuandikia malalamiko haya kwa adabu zote, huku nikiubusu mkono wako kwa mbali.

Kama unavyojua, binti huyu amechumbiwa na mwanafunzi wako Mahfudin, yule mrefu anayesinzia darasani akiwa ameketi wima. Posa ililetwa, ndizi na vitumbua vya mchele wa kunata vikaliwa, majirani wakashuhudia na wakabeba vilivyobaki. Tangu siku hiyo kijana hana neno jingine ila hili: "Nangoja kitabu kiishe." Basi kitabu hicho cha fikihi unachowasomesha ndicho kiini cha malalamiko yangu, nami nayapanga kwa namba ili yasitoroke.

1. Mwendo. Unasoma neno moja la Kiarabu, unalitolea maana kwa Kijawa, wanafunzi wote wanainama kuiandika maana hiyo kwa herufi ndogo zilizolala, ikining'inia chini ya mstari, kisha ndipo lije neno la pili. Sina ugomvi na njia hiyo. Babu zetu walisoma hivyo na wakafa Waislamu safi. Ugomvi wangu uko kati ya neno la kwanza na la pili. Hapo ndipo unapomkumbuka marehemu mwalimu wako, na paka wake, na jinsi paka yule alivyokunywa maji ya udhu, na wajukuu wa paka yule wanaishi kwa nani siku hizi. Haba na haba hujaza kibaba, nakubali. Lakini Mbah, kibaba hiki naona kinavuja.

2. Matundu. Mahfudin akisinzia, kalamu yake huteremka ukurasani kama konokono, na maneno yanampita. Neno lililokosa maana chini yake mnaliita tundu, na adabu ya chuo chako ni kwamba kitabu chenye matundu hakijasomwa, sharti mwenyewe aketi na mwenzake aliyekuwa macho, ayazibe moja moja. Kitabu cha Mahfudin nimekiona kwa macho yangu. Ni chandarua. Hata ukimaliza kesho asubuhi, mkwe wangu atabaki anaziba mpaka Khomsatun aote mvi.

3. Mpangilio. Nilimwita kijana barazani nikamuuliza, "Wewe, unaoa au huoi?" Akainamisha kichwa, akasema, "Naoa, Pak Tasripin, ila mlango wa ndoa hatujaufikia. Nitafanyaje jambo ambalo sijalisoma?" Nikamwambia, "Mimi nilioa bila kusoma, na mama mkwe wako si huyo hapo?" Mke wangu akadakia kutoka jikoni: "Na ndiyo maana!"

Nikafanya uchunguzi wangu. Kumbe mko kwenye zaka ya ngamia. Mbele yake kuna saumu, kuna hija, kuna biashara, kuna rehani, kuna mirathi, ndipo ndoa. Yaani Mahfudin atajua namna ya kuigawa mali yangu kabla hajajua namna ya kumuoa binti yangu. Tangu nilipoligundua hilo, kila akiniamkia namjibu kwa tahadhari.

4. Ngamia wenyewe. Mvua zimekwisha mkiwa na ngamia, na kwa dalili zote zitaanza tena mkiwa nao. Ngamia pekee niliyewahi kumwona mimi amechorwa kwenye pakiti ya tende. Wanafunzi wako wanajua kundi la idadi gani litolewe ngamia jike wa umri gani, lakini nyati wangu alipokohoa juzi walikuja watatu, wakamtazama, wakamsomea dua, wakanywa kahawa yangu, wakaenda zao.

5. Spika. Uliifunga kwenye mnara ili sisi wakulima nasi tupate fungu letu la elimu. Nia njema, Mungu akulipe. Ila nyumbani kwangu imeleta fitina. Zamani tukigombana na mke wangu nilimshinda kwa sauti. Sasa ananishinda kwa hoja. "Baba Khomsatun, toa mkono wako humo! Maji ya mtungi ni machache, hayajafika kipimo cha kulatein! Hukumsikia Mbah Kiai?" Na nyati naye umemharibu. Amezoea kwamba ukisema "wallahu aalam" somo limekwisha, basi anageuka na jembe lake anaelekea nyumbani. Juzi ulilisema katikati ya kisa cha paka, na nusu ya shamba langu mpaka leo haijalimwa.

6. Kwa hayo yote naomba, tena kwa unyenyekevu mkubwa, ngamia wafutwe, au wasomwe kwa jumla, kundi zima kwa pumzi moja. Hilo likiwa zito, paka apumzishwe. Nalo likiwa zito, usome mstari mmoja uruke mmoja, kwani Mahfudin anafanya hivyo tayari na hajadhurika. Likishindikana, uanzie mwisho wa kitabu urudi nyuma, ili siku ya kuanza iwe ndiyo siku ya kumaliza, tupige matari. Na kama hilo nalo litaleta maneno kwa maulamaa wenzako, basi mlango wa ndoa ung'olewe mahali pake, ushonwe mwanzoni kabisa, kabla hata ya mlango wa maji, na milango mingine isomwe nikishapata wajukuu, nao waandike maana wakati baba yao amelala.

Mbah, natania, lakini moyo unaniuma. Khomsatun alishaishona nguo yake ya harusi, akaifumua, akaishona tena. Jioni huketi uani karibu nami, spika ikisema, anasikiliza kama ngamia wamepungua. Mtoto wa kike akingojeshwa sana, majirani huanza kumtafutia kasoro, na wasipoipata humtungia. Mimi ni baba yake. Siwezi kuyaona hayo nikanyamaza.

Nisalimie Mama Nyai wa nyumbani kwako, wapishi, wanafunzi wote walio macho, na Mahfudin pia. Paka naye, ikiwa bado ana ukoo hapo chuoni.

Wako mtiifu, jirani wa nyuma ya ukuta,

Tasripin, baba Khomsatun

Tanbihi. Barua hii ilikuwa ingali mezani ikingoja bahasha, Mahfudin akaingia na wazazi wake, saruni imenyooka. Akasema Mbah umemwamuru aoe mwezi huu huu, kwamba mlango wa ndoa atausoma akiwa ndani yake, na kwamba mtu anayelala darasani heri akalale kwake. Mke wangu akapiga kigelegele. Khomsatun akakimbilia jikoni. Wote wakanigeukia mimi, na mimi, Mbah, nikausikia mdomo wangu ukisema, "Haiwezekani. Kitabu hakijaisha."

"Kitabu cha nani?" akauliza mke wangu.

"Changu," nikasema.

Ndiyo, nami nina nakala. Khomsatun amesoma chuo cha wasichana. Jioni pale uani ananishikia mstari kwa kidole, mimi naandika maana, na nikipitwa ananong'oneza: "Rudi hapa, Bapak, umeacha tundu." Ndivyo tulivyofika kwenye ngamia, mimi na yeye. Sikatai aolewe. Sikuwa nimefikiri tu kwamba akiolewa ataondoka. Kwa kina Mahfudin ni ng'ambo ya mto, na spika yako haifiki huko.

Nimekubali. Harusi ni mwezi huu, nawe ndiye utakayeifungisha. Namba zote hapo juu naomba uzifute, nina mambo mawili tu. Alhamisi umeme ulikatika ngamia walipofika thelathini na sita. Tafadhali uwarudie, polepole, na paka asiachwe. La pili, ile spika ya mnarani igeuzwe kidogo, iuelekee mto. Khomsatun ataandika kwake, mimi nitaandika kwangu, na Ijumaa akija kututembelea tutazibiana matundu.