Busu Lililokatwa pale Ngazini

Jumatatu, 3 Oktoba 1983

Sinema ya mtaa wetu inafungwa Jumamosi. Wataaga kwa ile filamu ya majambazi iliyopigwa hapahapa mtaani, mvua ikinyesha, enzi za Jenerali, yule dikteta wetu. Nami nimo!

Nikaenda sokoni kwa Quimeta, mjane anayeuza samaki wa chumvi. Nikamwambia mimi ndiye jambazi aliyebusiwa na Amparo Lledó, nyota wa filamu ile, pale ngazini. Bahati mbaya wakaguzi wa serikali walilikata busu. Walikata kila kitu siku zile: midomo, mabega, magoti. Midomo ikikaribiana tu, ghafla unamwona mwanamume anavaa kofia! Sisi kwenye viti tulilimalizia busu wenyewe kichwani. Kila wakikata, marehemu mke wangu Consol alinibana mkono gizani. Ah, Consol.

Sasa kilichokatwa nani atakipinga? Quimeta akafuta mikono, akasema atakuja, tena atakaa nami.

Jumatano, 5 Oktoba

Baldiri kinyozi anampelekea Quimeta tini! Naye alikuwamo kwenye filamu. Nikawahi kumwambia Quimeta kwamba Baldiri alikuwa maiti tu, yule wa mwanzo. Habari ikafika kwa kinyozi kabla yangu. Nilipopita dirishani pake, Baldiri akanipigia kelele, povu la kumnyolea mteja mkononi: “Eti mimi maiti, Eudald? Haya, Jumamosi si mbali!” Wateja wakacheka. Wivu huo.

Quimeta akauliza, kwa sauti ya chini, busu lile lilikuwaje. Nikajibu: lilikuwa na ladha ya tumbaku na pombe ya anisi. Uso ukamwiva. Akanifungia samaki bila kumpima!

Jumamosi, 8 Oktoba

Balaa.

Taa hazijazimwa, mwenye sinema akatangaza kwamba imepatikana nakala nzima huko Meksiko. Haikukatwa hata kidogo! Watu wakapiga makofi. Nikainuka, nikasingizia tumbo. Quimeta akanishika mkono wa koti: “Kaa, bwana wewe, tukuone.”

Nikakaa. Mvua ikaanza kunyesha kwenye skrini. Amparo akavua glavu, kidole kimoja kimoja, polepole, nywele zimelowa shingoni. Ukumbi mzima ukasogea mbele vitini, kama zamani. Kwa kitambo nikasahau hila zangu zote. Nilikuwa kijana, Consol yuko kando yangu, mkono wake una moto.

Kisha ngazi. Kisha busu. Refu! Bibi mmoja nyuma akasema “Mama yangu!” Jambazi akageuka. Baldiri! Na nywele zake zote!

Na mimi? Nilishaonekana mwanzoni kabisa mwa filamu: maiti ni mimi, nimelala barabarani chini ya gazeti. Nilidhani gazeti limenificha. Halikufunika pua. Pua yangu mtaa mzima unaijua.

Baldiri akaulizwa kwa nini alinyamaza miaka yote. Akasema mkewe, Mungu amrehemu, angemuua. Wale wakaguzi walimwokoa. Quimeta akacheka mpaka machozi. Akaondoka na Baldiri. Ila mlangoni alinirudia, akaniambia taratibu: “Eudald, ungesema tu ulilala kwenye mvua ile, ningekuja vilevile.”

Usingizi hauji.

Jumapili, 9 Oktoba

Nimetafakari sana. Kosa langu nimelijua: nilichagua uongo mdogo.

Adhuhuri, nje ya sinema, nilimkuta Filomena, fundi cherehani aliyehamia majuzi, akitazama wanavyobandua mabango. Mama mzuri, macho ya huzuni. Akasema busu la jana halikumgusa. Kilichomliza ni yule maiti, jinsi alivyovumilia baridi bila kutikisika. Angetamani sana kumjua mtu yule.

Nikavuta pumzi. Nikamwambia yule alikuwa sanamu ya nta. Mimi ndiye niliyeitunga filamu nzima.

Akaniaga haraka. Nadhani ameona haya mbele ya mtu mkubwa.