Pilipili Wosia

Kilichomtoa Lainisha nyumbani asubuhi ile kilikuwa kitanda, au tuseme ukosefu wa kitanda. Chao alikuwa amekiuza mke akiwa sokoni. Alipoulizwa alieleza kwamba kimepelekwa kwa fundi kunyooshwa miguu. Mkewe alikuwa mtu mvumilivu, lakini hata yeye alikuwa na mgongo. Alilala sakafuni mpaka mgongo ukakataa, akafunga nguo zake, akaenda kwa mama yake. Aliacha agizo moja tu: atarudi siku atakayokiona kitanda kwa macho yake, na maelezo hayatamtosha.

Basi bwana wetu akaingia mitaani kutafuta mtu mwenye kitanda cha ziada na akili pungufu. Tusimhukumu mapema, mapenzi yana mengi. Kweli alimpenda mke wake, na nyumba bila yeye ilikuwa inamtisha.

Alipofika mtaa wa nyuma ya soko alisikia watu wazima wawili wakitukanana kwa heshima zote juu ya ua wa miti. Upande mmoja alikuwa Mzee wa Posta, aliyegonga mihuri mpaka akastaafu. Upande wa pili alikuwa Mama Mkunga, aliyezalisha nusu ya mtaa. Ugomvi wao ulikuwa pilipili.

Lainisha akasogea, akapeleleza, akashangaa. Mtaa mzima ulikuwa umerukwa na akili. Kila uani palikuwa na pilipili, katika makopo ya rangi, mabeseni yaliyotoboka, hata ndani ya buti la mvua. Huyu alisifu pilipili kichaa, zile ndogo zinazosimama kama zimetukanwa. Yule aliapia zile ndefu nyekundu. Mzee wa Posta alikuwa na pilipili mbuzi za njano, zenye makunyanzi, alizozimwagilia maji ya kuoshea mchele na kuzifunika jua la mchana kwa mwavuli wake mwenyewe. Kila Jumapili alasiri walikutana, na kila mmoja alikula pilipili ya mpinzani wake. Ilikuwa lazima uitafune, uimeze, kisha useme "tamu" kwa sauti kavu na macho makavu. Ukishindwa kulitamka neno hilo, mwenye pilipili kakushinda. Kwa Mzee wa Posta watu walikuwa wanashindwa kila wiki, na Mama Mkunga ndiye aliyeumia zaidi.

Na kupitia dirisha la Mama Mkunga, katika chumba asichokitumia mtu, Lainisha akakiona kitanda. Cha mbao nzito, kipana, kichwani kimechongwa maua. Juu yake zilikuwa zimeanikwa pilipili. Moyo ulimuuma kuona kitanda kinatumiwa vibaya hivyo.

Kesho yake alirudi amevaa glavu za fundi wa kuchomelea, amebeba ndoo iliyofunikwa kitambaa cheusi. Alitembea taratibu, kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake. Ndani ya ndoo palikuwa na mche wa pilipili hoho, ile inayopikwa na kuliwa na watoto wachanga bila malalamiko. Aliuokota kwenye takataka za bustani ya miche, ukiwa na matunda machanga ya ukubwa wa kidole gumba.

"Shikamoo, mama," alisema. "Tafadhali usisogee. Napita naye tu."

"Marahaba. Unapita na nani?"

"Wosia."

Akamfafanulia, kwa sauti ya mtu aliye msibani. Mbuzi, kichaa, zile ndefu, zote zinawasha, na kuwasha ni mambo ya kitoto. Pilipili Wosia haiwashi. Inakuja na utamu. Ukiusikia utamu ujue ulimi umekwisha kufa na mwili unafuata, ndiyo maana kule inakotoka watu huandika wosia kwanza ndipo wakala. Mama Mkunga akauliza kama inataka majivu au maganda ya mayai. Lainisha akajibu inataka jua la asubuhi, na isisemwe vibaya ikiwa inasikia. Na bei? Hapo akahuzunika. Haiuzwi, pesa huikausha. Hubadilishwa kwa kitu cha mbao, mradi kiwe cha kulalia.

Mama Mkunga aliitazama ndoo, akamtazama mwenye ndoo. Kisha akakubali, kwa sharti kwamba kitanda kitatoka Jumapili, Mzee wa Posta akishashindwa kusema "tamu".

Lainisha akapeleka habari kwa kinyozi, na kwa kinyozi habari hazilali. Kabla ya Jumapili hapakuwa na mtu mtaani asiyejua jinsi Wosia inavyoua. Kisha akamtumia mkewe ujumbe aje na mkokoteni.

Jumapili watu walijaa uani kwa Mama Mkunga. Kitanda kilikuwa kimefunguliwa, kimeegemezwa ukutani, na mke wa Lainisha amesimama langoni na msukuma mkokoteni. Mzee wa Posta alikuja na shati jeupe. Akachukua Wosia moja, akaitafuna, akameza. Akangoja. Lainisha aliona macho ya mzee yakianza kuhangaika.

"Jamani," mzee alisema polepole. "Mbona nasikia kama utamu?"

Watu wakarudi nyuma hatua. Mke wa mzee akamwangukia shingoni. Jasho likamtoka baba wa watu, akaomba kiti, akaanza kugawa mali: baiskeli kwa mkubwa, redio kwa anayemfuata. Na pilipili mbuzi apewe Mama Mkunga, kwa sababu hata kama ni mkorofi, kumwagilia anajua. Mama Mkunga alifuta machozi. Kusema "tamu" kwa ushindani hakuna aliyemkumbusha, na mwenyewe asingethubutu.

Lainisha akaanza kuelekea kwenye kitanda chake.

"Bado, mwanangu," Mama Mkunga alimwita. "Mche ni wako mpaka kitanda kitoke. Mwenye pilipili naye anakula ya mwenzake. Hiyo ndiyo sheria."

Akaletewa pilipili mbuzi, ya njano, imeiva mpaka inang'aa. Lainisha alikwisha kuigiza kipofu, kiwete na mfiwa, na alikwisha kumzika mama yake mzazi, ambaye yu hai, mbele za watu mara nyingi. Kuigiza mzima hakuwahi kuhitaji. Akamtazama mkewe langoni, akaitia mdomoni, akatafuna, akameza.

Mwanzoni hakusikia kitu, akafurahi. Kisha masikio yakafunga. Kisha akahisi kichwa chake kimekuwa jiko.

Mama Mkunga akainama karibu naye. "Sema neno lako moja, kitanda uchukue," alinong'ona. "Mimi nimekuwa mkunga maisha yangu yote. Mtoto wa kusingiziwa namjua akiwa bado amefunikwa."

Lainisha alifungua mdomo. Ukatoka upepo. Akajaribu tena, ukatoka upepo na mate. Mtu aliyeuza kitu chochote kwa maneno alikosa neno moja la silabi mbili, akakimbilia pipa la maji akazamisha kichwa. Mzee wa Posta, kuona kuna aliye na hali mbaya kuliko yake, akagundua hajafa, na redio akaidai hapo hapo.

"Sare," Mama Mkunga alitangaza. "Mwenye mche hapati kitanda." Kisha akamgeukia mke wa Lainisha. "Lakini mkokoteni umeshafika, mwanangu, na chumba nakihitaji. Chukua wewe."

Mke alishukuru kwa mikono miwili. Kitanda kikapakiwa.

Lainisha aliinua kichwa kutoka kwenye pipa, maji yakimchuruzika, na furaha ikamjaa. Kitanda ni kitanda, apewe yeyote. Akaufuata mkokoteni mbio. Njia panda, kushoto ni kwake, kulia ni kwa mama mkwe. Mkokoteni ukakata kulia. Akaushika ubao wa nyuma, akafungua mdomo aeleze, maana maelezo alikuwa nayo mazuri sana, na haikutoka hata sauti.

Mkewe alimtazama, akacheka kidogo, ikawa mara ya kwanza tangu aondoke.

"Umenyamaza vizuri leo, mume wangu," alisema. "Ukiweza hivyo mpaka mwisho wa mwezi, tutakirudisha."