Mwenye Duka Ndani ya Godoro

Jamani, leo nimeaibika. Siyo ile aibu ya kujikwaa ukajifanya unafunga kamba za viatu. Nimeaibika mbele ya mkwe, mbele ya wateja na mbele ya foleni nzima ya malori ya Tunduma. Mwenye chai mkononi aiweke chini kwanza.

Wengi mnanijua. Niliacha shule darasa la sita kwa sababu nilitaka kujua malori yanaishia wapi. (Yanaishia kwenye foleni ya mpakani. Ningeweza kumuuliza mwalimu tu.) Nimechuma kahawa Mbozi, nimebeba chumvi Ivuna, nimekuwa utingo wa malori. Sijawahi kukaa mahali nikatulia.

Ila kwenye duka hili la jumla nimetulia, na sababu ni moja: duka ni letu. Mzee aliyelianzisha alipochoka, watoto wake hawakulitaka, akawauzia wafanyakazi wake kidogo kidogo. Sasa anayefagia ni mwenye duka, anayelinda ni mwenye duka, anayepakua mizigo ni mwenye duka. Faida ikipatikana tunagawana. Ukifiwa, duka zima linakuja kwenu. Mgeni ukifanya kazi mwaka mmoja bila watu kukuchoka, wanakupokea na wewe unakuwa mwenye duka. Mimi wamenipokea mwezi uliopita. Sikulala siku mbili kwa furaha.

Basi kwa furaha hiyohiyo nikaenda Igamba kujitambulisha kwa baba yake Neema, mchumba wangu. Mzee ni mkulima wa kahawa, maneno machache, macho makali.

"Kijana, unafanya kazi gani?"

"Mimi ni mwenye duka, baba. Lile kubwa la Tunduma mjini."

(Uongo uko wapi hapo? Sikusema ni langu peke yangu. Nilisahau tu kuwataja wenzangu kumi na mmoja.)

Mzee akaguna. "Nitakuja nilione. Ndipo nitakujibu kuhusu binti."

Nikajua anasema tu. Kumbe wazee wa Mbozi hawasemi tu!

Sasa leo ilikuwa siku ya mgao wa faida. Kwetu siku ya mgao ni kama Krismasi. Wali unachemka uani, kila mtu amevaa vizuri, na baada ya kupata bahasha yake kila mmoja anachagua kitu kimoja rafuni apeleke nyumbani. Lakini kuna desturi. Aliyepokelewa mwisho ndiye mtumishi wa wote siku hiyo. Anavaa aproni ya maua ya Mama Tumaini, mfagiaji wetu, anafagia, anamimina chai, anaitika akiitwa. Wanasema ni ili umiliki usimpande mtu kichwani.

Aproni ina lesi. Nasema tu ili mpate picha.

"Bosi mpya!" mlinzi akaita. "Chai yangu haina sukari!"

"Bosi, na pale kwenye kona," Mama Tumaini akadakia. "Au macho ya wenye maduka hayaoni chini?"

Nilikuwa nacheka nao, ufagio mkono mmoja, birika mkono mwingine, nikainua macho nikatazama mlangoni.

Baba yake Neema.

Koti la Jumapili, kofia, fimbo. Anatazama juu ya mlango kama anayekagua shamba kabla ya kulinunua.

Mtu mwenye akili angevua aproni akaenda kusalimia. Mimi nilimwachia Mama Tumaini ufagio na birika, nikakimbilia nyuma. Kule nyuma kuna mlango wa kupakulia mizigo, na mbele yake kuna mteremko wa saruji wa kupandishia mikokoteni kutoka barabarani. Pale mlangoni palikuwa na godoro la sponji tumelitandaza wateja walibonyeze. Nikalala ukingoni, nikalishika, nikajiviringisha nalo kama yai ndani ya chapati. Miguu ikabaki nje kidogo. (Mimi ni mrefu. Hilo sikulipangia.)

Nikamsikia mzee.

"Hamjambo hapa. Namtafuta mwenye duka."

"Ni mimi, baba. Karibu," Mama Tumaini akajibu.

"Wewe? Si nakuona umeshika ufagio?"

"Nafagia duka langu."

Mzee akamgeukia mlinzi. "Eti kijana, mwenye duka yuko wapi?"

"Ndiye unayeongea naye, mzee."

"Na mimi nipo," akasema mpakua mizigo, mdomo umejaa wali.

"Hivi nimeingia dukani," mzee akauliza, "au nimeingia kwa wendawazimu?"

Wakacheka. Mama Tumaini akamweleza yote, jinsi duka lilivyouzwa, jinsi tunavyogawana. Mzee akauliza, "Na huyu Lusekelo? Aliniambia ni lake."

"Ni lake kweli! Ila leo ni zamu yake ya kutumwa. Alikuwa hapa sasa hivi. Wewe Luse!"

Nikabana pumzi. Kisha mzee akashusha sauti, akaanza kumwambia Mama Tumaini jambo kwa kunong'ona.

Ndugu zangu, mnajua ugonjwa wangu. Ningeacha kusikiliza, haya yote yasingetokea. Lakini mtu ananong'ona habari zangu na mimi nipo! Nikasogea kidogo. Sisikii. Nikasogea tena.

Godoro likaingia kwenye mteremko.

Ndani ya godoro hakuna kushoto wala kulia, kuna kuzunguka tu. Nilisikia mtu anapiga yowe, kumbe ni mimi. Nikapita mbele ya wenye mikokoteni, nikapita katikati ya wabadilisha fedha, nikagonga tairi la mkokoteni, nikasimama. Barabarani madereva wa malori, watu ambao wamekaa kwenye foleni tangu jana bila burudani yoyote, wakapiga honi zote kwa pamoja! Dereva mmoja Mzambia akateremka, akainamia miguu yangu, akaisalimu kwa adabu, kwa Kibemba: "Mulishani?"

Kisha nikaona ncha ya fimbo inachungulia.

"Lusekelo?"

"Naam, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Unafanya nini humo?"

"Nakuheshimu, baba. Si kimila mtu anamkwepa mkwe?"

"Anayekwepwa ni mama mkwe," mzee akasema. "Na hata yeye sijasikia akikwepwa kwa godoro."

Wakanifungua. Nikasimama mbele ya Tunduma nzima, aproni ya maua, lesi imeng'ang'ania sikioni. Mzee akanitazama juu mpaka chini. Nikajua Neema ndiyo nimemkosa.

Mara mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Akacheka mpaka akashikilia mkokoteni!

"Nilikuja kukukatalia," akasema akifuta machozi. "Ndicho nilichokuwa namnong'oneza mama hapa. Kijana hakumaliza shule, hajawahi kukaa mahali, ana duka kubwa hivi mpakani peke yake? Nikasema huyu ama anapitisha magendo, ama ana uchawi wa chuma ulete. Kumbe mko wengi! Wanakutuma, wanakufagiza. Mzururaji kama wewe anahitaji watu wa kumshika sikio. Mimi peke yangu nisingekuweza. Mchukue binti."

Nusura nimkumbatie. Nikakumbuka lesi.

"Na akioa, baba," Mama Tumaini akasema, "duka linampa godoro. Ndio utaratibu wetu kwa kila mmoja."

Mzee akaligonga lile godoro kwa fimbo. "Mpeni hilihili. Nani mwingine atalinunua?"

Akabaki, akala wali wa mgao, na mimi nikamhudumia. Alikuwa ananituma makusudi. Kila akitaka chai anaita, "Mwenye duka!" na watu kumi na wawili tunageuka.

Neema ameshapiga simu. Dereva mmoja alirekodi, na video imefika Igamba kabla ya baba yake. Kwa hiyo nawaomba, anayetaka kucheka acheke leo amalize. Harusini godoro litapitishwa mbele ya watu kama zawadi, lina alama ya tairi ubavuni, na sitaki kusikia mtu yeyote analisalimia "Mulishani".